Lulu, Magreti na Marijani: Uchunguzi wa Jina la Kito Katika Nchi ya Ugogo

Miongoni mwa majina wanayopewa wasichana katika nchi ya Dodoma, yako mawili ambayo watu huyahesabu kuwa ni ya koo mbili zisizojuana, nayo ni Lulu na Magreti. La kwanza husemwa kuwa ni jina la pwani, tena la Uislamu, lililopanda bara pamoja na misafara. La pili husemwa kuwa ni jina la kanisa, lililokuja na Wazungu. Kwa sababu ya fikira hiyo, pengine mtoto aliyeitwa Lulu na bibi yake huambiwa siku ya ubatizo kwamba jina lake halitoshi. Hupewa Magreti au jina jingine, na lile la kwanza hubaki la nyumbani tu. Bibi akiisha kufa, nalo hufa. Maneno hayo yafaa kupimwa, maana yakiwa si ya kweli, basi watoto wananyang'anywa kitu bure.

Tuanze na neno Lulu. Hapana shaka ni neno la Kiarabu. Waarabu hulitamka kwa kukata sauti katikati na mwishoni, lu'lu', na Waswahili, kwa kuwa ulimi wao hauna mkato huo, wamelilainisha likawa lulu. Kitu chenyewe si jiwe la kuchimbwa, ijapokuwa huhesabiwa pamoja na mawe ya thamani. Hupatikana ndani ya chaza. Kitu kigeni kikimwingia chaza na kumsumbua, hukifunika kwa utando ule ule unaong'arisha ndani ya gamba lake, utando juu ya utando, hata ikawa punje ya mviringo. Wapiga mbizi wa Bahrain, Kuwait na nchi nyingine za Ghuba waliishi kwa kazi hii kwa vizazi vingi, mpaka lulu za kufugwa za Japani, ambazo Mikimoto alianza kuzifanikisha mwaka 1893, zilipojaa sokoni na kuishusha biashara yao katika miaka ya 1930. Sifa za lulu zinazompendeza mzazi zajulikana na kila mtu: nyeupe, haihitaji kuchongwa kama almasi, nayo hutoka mahali pa siri.

Hapa yapasa kuondoa kosa moja dogo. Baadhi ya vitabu vya majina vilivyoandikwa Ulaya hueleza kwamba Lulu ni kifupisho cha Luisa, na ya kwamba maana yake ni ya vita. Maelezo hayo ni ya kweli kwa msichana wa Ujerumani au wa Uingereza aliyeitwa Luisa na kudekezwa kwa jina la Lulu. Kwa msichana wa Mpwapwa au wa Kondoa si ya kweli hata kidogo. Ni sauti mbili zilizokutana njiani, kila moja ikitoka kwao.

Sasa tulitazame jina Magreti, ambalo wengine huliandika Margareta au Margaret. Limetoka katika Kiyunani, margarites, na maana ya neno hilo ni lulu. Ndilo neno lililomo katika Injili ya Kiyunani, Mathayo 13:45–46, katika mfano wa mfanyabiashara aliyetafuta lulu nzuri. Wayunani nao hawakulizaa wenyewe, bali walilipokea kutoka mashariki, katika lugha za upande wa Uajemi, kwa kuwa lulu zenyewe zilitoka huko. Kwa hiyo Magreti si neno la Ulaya kwa asili, kama vile Lulu si neno la Ugogo. Yote mawili yalitoka upande mmoja wa dunia, pande za bahari ya mashariki, ila njia walizopita wachukuzi ni mbalimbali. Moja lilikwenda kaskazini kwa Wayunani na Warumi, likazunguka Ulaya, kisha likaja kwetu kwa merikebu ya wamisionari. La pili lilishuka pamoja na pepo za kaskazi hata Unguja na Bagamoyo.

Wanaosema kwamba Magreti ni jina takatifu tangu mwanzo, na Lulu ni jina la mapambo ya dunia, yafaa wasome masimulizi ya kale ya Mtakatifu Pelagia wa Antiokia. Yasimuliwa humo kwamba wazazi walimwita Pelagia, jina linalotokana na neno la bahari, lakini watu wa mji walimwita Margarito, yaani Lulu, kwa sababu ya wingi wa vito alivyojipamba alipokuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza, kabla hajaongoka. Basi katika masimulizi haya jina la lulu lilikuwa jina la utani la barabarani, na jina la nyumbani lilikuwa jingine. Ndiyo kinyume kabisa cha yale yanayotendeka siku hizi. Ama yule Margareta wa Antiokia aliyeheshimiwa sana katika Ulaya ya kale, habari zake hazina msingi imara wa historia, hata Kanisa Katoliki likaiondoa sikukuu yake katika kalenda ya jumla mwaka 1969. Jina lilipata heshima pia kwa wanawake ambao habari zao ni za hakika, kama Margareta malkia wa Uskoti, aliyekufa mwaka 1093, na Margareta Maria Alacoque wa Ufaransa, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1920. Twaona basi kwamba jina halikuzaliwa na utakatifu. Wanawake wenye mwenendo mwema ndio waliolitukuza. Wahenga wetu walisema jina jema hung'ara gizani, lakini hawakusema kwamba hung'ara lenyewe bila mwenye jina.

Liko jina la tatu, ambalo watu hawalitaji wanapobishana, nalo ndilo linalomaliza shauri: Marijani. Kiswahili kimelipata kwa Waarabu, marjan. Waarabu walilipata kwa watu wa Kiaramu, ambao walikuwa na neno marganita, maana yake lulu. Na watu wa Kiaramu walilipata kwa Wayunani, katika neno lile lile margarites. Basi Marijani na Magreti ni ndugu wa tumbo moja. Katika safari hiyo ndefu maana iligeuka, na neno lililokuwa la lulu likawa jina la kile kito chekundu cha baharini. Dalili ya mgeuko huo yaonekana katika Kurani yenyewe, sura ya 55, ambapo lulu na marijani hutajwa pamoja. Wafasiri wengine wamesema marijani hapo ni lulu ndogo, na wengine wamesema ni kile kito chekundu.

Waswahili wa pwani walikijua kito hicho vema, wala hawakukichanganya na mawe ya bahari yao wenyewe. Yale wanayojengea nyumba na kuchomea chokaa waliyaita matumbawe, na kile chekundu cha thamani, kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka bahari ya Mediteranea, wakakiita marijani, na kilicho bora marijani ya fedhaluka. Kwa maumbile ni vitu vya jamaa moja, yaani kazi ya vidudu vidogo vya baharini, lakini sokoni kimoja hupimwa kwa pishi na kingine kwa mizani ya dhahabu.

Tena tuangalie jambo hili: Marijani katika nchi yetu huwa pia jina la mwanamume. Mwimbaji Marijani Rajabu wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1995, alilichukua mbele ya watu wote, wala hakuna aliyelicheka. Almasi na Feruzi nayo ni majina ya wanaume, hali Lulu na Johari twawaita wasichana. Kiswahili hakina neno la kike na la kiume kama Kiarabu au Kifaransa. Desturi ya watu ndiyo inayoamua kito kipi kiwe cha binti na kipi kiwe cha mwana. Kwa hiyo asemaye kwamba kito kwa asili yake ni jina la kike, asema asilolichunguza.

Hapa tuingie katika Mithali 31:10, maana ndiyo aya inayotajwa kila mara wazazi wanapoeleza jina la kito. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, iitwayo Union Version, thamani ya mke mwema hupimwa na marijani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hupimwa na mawe mekundu yaitwayo rubi. Wasomaji wenye kujua lugha zote mbili huona tofauti hiyo, na wengine huwalaumu wafasiri wa Kiswahili kwamba walikosea. Lawama hiyo haina haki. Neno la Kiebrania ni peninim, nalo ni gumu: wataalamu wamelifasiri marijani, wengine lulu, wengine rubi. Katika Maombolezo 4:7 kitu hicho chasemwa kuwa chekundu, na kwa hiyo wafasiri waliochagua marijani wana hoja nzuri kuliko waliochagua lulu. Basi mzazi anayemwita bintiye Rubi kwa ajili ya aya hii, na yule anayemwita Marijani, na yule anayemwita Lulu, wote watatu wanasoma neno moja la Kiebrania, wala hakuna awezaye kumwambia mwenziwe kwamba jina lake halimo katika Maandiko.

Hata hapa tumeeleza maneno. Sasa tueleze mahali. Nchi ya Ugogo ni uwanda mkavu, wa kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, na Dodoma yenyewe iko mbali na pwani kwa safari ya kilomita 450 hivi. Chaza hawako, wala marijani. Watu wa kale hapa walipamba miili yao kwa shanga, na shanga zilifika kwa njia ya msafara itokayo Bagamoyo kupita Mpwapwa kwenda Tabora na Ujiji. Wageni waliopita Ugogo walitozwa hongo ya nguo, shanga na masango ya shaba kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita, na habari hizo zimeandikwa na wasafiri wengi, akiwamo Burton aliyepita mwaka 1857. Yeye ameandika pia juu ya ushanga mwekundu ulioitwa samesame, wa rangi ya marijani, jinsi ulivyopendwa na wanawake wa bara. Basi kabla ya kito kufika, rangi yake ilikwisha kufika kwa sura ya ushanga wa kioo. Neno lulu nalo likafika pamoja na Kiswahili: kwanza kwa misafara, kisha kwa shule na Injili tangu wamisionari wa Kianglikana walipokaa Mpwapwa katika miaka ya 1870, kisha kwa reli iliyofika Dodoma mwaka 1910.

Jina geni likiingia katika nchi hukuta desturi za kutoa majina zilizotangulia. Wagogo, kama Wabantu wengine wengi, hupenda majina yanayoshika kumbukumbu: jina la babu au bibi, jina la msimu, jina la tukio. Hata njaa zao zina majina, na ile kubwa iliyoiangamiza nchi wakati wa vita vya kwanza vya dunia na baada yake yaitwa Mtunya hata leo. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa nchi hii, aliona kwamba mambo ya namna hiyo yastahili kuhifadhiwa katika kitabu, akaandika juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kikatolewa mwaka 1954. Katika desturi kama hiyo jina haliandikwi ili kupendeza sikio tu. Jina ni habari. Kwa hiyo mtoto aitwapo Lulu katika kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuishika lulu mkononi, jina hilo halielezi kito. Laeleza namna mtoto alivyopokewa: kwamba alingojewa, au kwamba alikuja baada ya msiba, au kwamba bibi yake alifurahi. Aliyemwita ndiye mwenye maana, wala kamusi haitaijua asipoulizwa.

Ushahidi mwingine ni huu. Ardhi ya Dodoma haikukosa vito vyake yenyewe. Huko Winza, wilaya ya Mpwapwa, yaligunduliwa mawe ya rubi mwaka 2007, yakawa mashuhuri duniani mwaka uliofuata. Huko Haneti, kaskazini ya Dodoma, huchimbwa krisopraso, jiwe la kijani linalotajwa katika Ufunuo 21:20 kuwa msingi wa kumi wa mji mtakatifu. Lakini majina Lulu na Magreti yaliitwa katika nyumba za uwanda huu vizazi vingi kabla ya watu kwenda Winza na sululu zao. Majina hayakungoja mawe.

Iko hoja moja nzito dhidi ya majina ya vito, nayo hatuna ruhusa ya kuipita kimya. Wengine husema kwamba haya ni majina ya watumwa. Ni kweli kwamba katika nchi za Waarabu, na katika pwani yetu pia, mabwana walipenda kuwaita watumwa wao kwa majina ya vito na manukato. Jawhar, yaani Johari, jemadari aliyeiteka Misri na kuuanzisha mji wa Kairo mwaka 969, alitokana na utumwa. Yaqut, yaani Yakuti, mwanajiografia mashuhuri aliyekufa mwaka 1229, alinunuliwa akiwa mtoto. Na Badr al-Din Lu'lu', aliyetawala Mosul hata mwaka 1259, alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mtawala, naye ni mwanamume aliyeitwa Lulu. Wanavyuoni wa Kiarabu wenyewe walieleza sababu: majina makali waliwapa wana wao ili kuwatisha adui, na majina mazuri waliwapa watumwa kwa kuwa hao ndio waliowaita mchana kutwa nyumbani. Njia iliyolileta neno lulu Ugogo ndiyo njia iliyowashusha watu Bagamoyo katika minyororo. Hatuwezi kusifu neno na kuficha njia.

Lakini hoja hiyo haifiki mahali inapotaka kufika. Bwana aliyemwita mtumwa wake Lulu alitaja mali aliyoweza kuiuza kesho. Katika ule mfano wa Injili, mfanyabiashara aliuza vyote alivyokuwa navyo, na kitu kimoja tu hakukiuza, nacho ni lulu. Neno ni lile lile, na kwa bwana na kwa mfanyabiashara ni kitu cha thamani. Tofauti yao yaonekana katika kile ambacho kila mmoja yu tayari kukitoa. Utumwa uliharamishwa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922, na bibi wa leo anayemwita mjukuu wake Lulu hamweki sokoni.

Hata hivyo onyo moja labaki, hasa katika nchi ambayo mahari hutolewa kwa ng'ombe. Wako wajomba na baba wadogo wanaofanya mzaha kwamba Lulu ataleta zizi zima, kana kwamba jina ni bei iliyotangazwa mapema. Huo ni usomaji mbaya wa jina, nao hurudia kosa la bwana wa watumwa bila kujua. Ile aya ya Mithali haisemi kwamba mwanamke hulingana na marijani. Yasema kwamba humpita marijani. Yaani kipimo kimeletwa ili kionekane kwamba hakitoshi.

Turudi sasa kwenye ubatizo, kwa kuwa hapo ndipo majina yanapopotea. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917, kanuni ya 761, ziliwaagiza mapadre kuangalia mbatizwa apewe jina la Kikristo. Lakini ziliendelea kusema kwamba isipowezekana, jina la mtakatifu liongezwe juu ya lile walilotoa wazazi, na yote mawili yaandikwe katika kitabu. Hata sheria hiyo kali haikuagiza kufuta. Sheria za mwaka 1983, kanuni ya 855, zimelegeza zaidi: zataka tu jina lisiwe geni kwa maana ya Kikristo. Na katika kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1662, padre huwaambia wasimamizi wamtaje mtoto jina, wala hakuna orodha iliyowekwa. Basi jina ambalo Injili yenyewe imelitumia katika mfano wa ufalme wa mbinguni, litakuwaje geni kwa Ukristo? Na kumbadilisha Lulu kuwa Magreti ni kumwita jina lile lile kwa Kiyunani, baada ya kumwambia kwamba la kwanza halikufaa.

Hatusemi kwamba Magreti waache jina lao. Ni jina la bibi wengi sasa, nalo limekwisha kupata makaburi na wajukuu katika nchi hii, na jina lililopata makaburi si geni tena. Tunasema kwamba mwandishi wa kitabu cha ubatizo, na mwalimu anayeandika orodha ya shule, wasimpunguzie mtoto jina kwa sababu ya kudhani kwamba moja ni la dini na jingine si la dini. Waandike yote wanayoambiwa na mzazi. Na mzazi naye, mtoto akifika umri wa kuuliza, asimweleze kwamba jina lake maana yake ni kito, kisha akanyamaza. Amwambie nani alimwita, siku gani, na kwa sababu gani.